Kivuko na Daraja

Je, anayevuka mto kwa daraja ana wajibu wa kuujua mto? Swali hili lina mahali pake Ifakara. Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga aliuvuka mto Kilombero kwa kivuko. Alingoja, akayatazama maji, akajua siku mto ulipofura. Leo gari hupita juu mara moja, na abiria huenda asigutuke usingizini.

Safari ya namna hiyo humpata pia anayejifunza kuandikia programu maikrokontrola. Huanza na Asembli, lugha isemayo na mashine kwa amri moja moja: chukua namba, iweke katika rejista, jumlisha. Kisha huhamia C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humo mstari mmoja hubeba kazi ya mistari mingi, na kompaila ndiyo mfasiri. Wapo wauonao uhamaji huu kuwa ni uvivu. Hawasemi haki: mwaka 1973 mfumo wa Unix wenyewe uliandikwa upya kwa C, jambo lililouwezesha baadaye kuhamia mashine za kila aina.

Hata hivyo, wepesi una deni lake. Tuchukulie kijana anatengeneza kipimo cha kina cha maji kwa wakulima wa mpunga bondeni. Kina hicho, kwa sentimita, anakiweka katika nafasi ya biti nane, mfano wa kipande cha shairi chenye mizani nane. Nafasi hiyo haipokei zaidi ya 255. Maji yakifika sentimita 256, chombo husoma sifuri: mto umefurika, nacho chasema umekauka. Katika Asembli, jumla ikizidi nafasi yake, mashine huinua alama, na mwanafunzi hufunzwa kuiangalia. Katika C alama hiyo hukaa nyuma ya pazia. Programu hupita bila ya onyo.

Kosa ni la nani? Kompaila imefasiri ilichoambiwa. Mkulima hajui habari za biti. Yeye aliamini tu. Limebaki la mwandishi.

Basi si aibu kuiacha Asembli, wala si lazima kuirudia kila siku. Aibu ni kuhama kabla ya kuyajua maji. Abiria wa darajani ana ruhusa ya kulala. Mjenzi wa daraja hana.