Vita vya Mezani na Deni la Mwundaji

Kuna watu, hasa katika Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambao hutumia jioni zao kuunda vita. Huchukua ubao, wakaujengea vilima kwa plasta, wakamwaga mchanga na kupanda vichaka vya nyasi kavu na vijiti, kisha wakawapanga humo askari wadogo wa plastiki au wa risasi, ambao aghalabu kimo chao hakizidi sentimita 6. Mandhari ya namna hii huitwa dayorama. Ni ajabu kwamba lugha yetu hutumia neno moja, risasi, kwa madini yanayosubiwa kuwa askari wa kuchezea na kwa kile kinachomwua askari wa kweli. Je, ni haki kuyageuza mauti ya watu kuwa pambo la mezani? Na kama ni haki, mwundaji anadaiwa nini na wale anaowaunda?

Wako wanaosema kwamba kazi hii ni ovu kwa asili yake, kwa kuwa huifanya vita kuwa mchezo. Mwandishi H. G. Wells aliona kinyume. Mwaka 1913 alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea, akadai kwamba vita vya sakafuni ni bora mara nyingi kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya iliwaka moto. Mchezo wake haukuwasha moto ule, wala haukuuzima.

Mimi siamini kwamba udogo wa kitu ndio dhambi yake. Washairi wetu nao waliigeuza vita kuwa sanaa. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji. Hakuna awalaumuye. Lakini utenzi una nafasi ambayo dayorama haina. Utenzi waweza kusimulia yaliyotangulia na yaliyofuata, ukalia, ukalaani. Dayorama ina dakika moja tu iliyogandishwa. Kwa hiyo mwundaji akichagua dakika, amechagua pia nani aonekane na nani asionekane. Hapo ndipo swali la maadili linapoanzia.

Tutwae mfano wa vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki. Mwundaji huvutwa upesi na mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi, la watu wapatao 8,000, lilishindwa na askari wa Lettow-Vorbeck wapatao 1,000, na nyuki wakaingia vitani wakiwauma watu wa pande zote mbili. Mwundaji mwema hutafiti. Hujua rangi ya sare, umbo la kofia, idadi ya vifungo, namna ya bunduki. Akikosea kifungo kimoja, wenzake watamsahihisha.

Lakini vita vile havikuwa hasa vita vya vifungo. Vilikuwa vita vya miguu. Katika nchi yenye reli chache na ndorobo walioua farasi na ng'ombe, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kwa muda wote wa vita. Wabelgiji, walioingia Tabora mnamo Septemba 1916, waliwachukua wengine wengi wa Kongo, na pia wa Rwanda na Burundi. Katika nchi zilizo leo Malawi na Zambia waliitwa tenga-tenga. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, si kwa risasi. Majina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mabaki ya jina la kikosi chao, Carrier Corps, katika vinywa vya watu.

Basi yawezekana kila kifungo kiwe sahihi na mandhari nzima iwe ya uongo. Shahidi aliyeapa kusema kweli, akasema nusu na kuinyamazia nusu, hakutaja neno la uongo hata moja, lakini hukumu itapotoka kwa sababu yake.

Mwundaji ana jibu, nalo si dhaifu. Atasema: "Mimi nimeunda dakika moja ya mapigano. Wapagazi hawakuwa mstari wa mbele dakika hiyo. Nikiwaweka, nitakuwa nimedanganya." Ni kweli. Hatuwezi kumtaka kila mwundaji aeleze kila jambo katika kila ubao. Lakini kwa nini dakika inayochaguliwa iwe daima ile ambayo wapagazi hawapo? Akiunda dayorama kumi za vita vile, na zote kumi zikawa za bunduki, huo si usahihi tena, ni mazoea.

Na mazoea hayo si yake peke yake. Katika Dar es Salaam, juu ya sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927, panapoonwa na kila apitaye amesimama askari na bunduki yake. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi na kuwafananisha na miguu na mikono ya jeshi, lakini jicho humwona askari kwanza. Mwaka 2021 taarifa ya tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina popote. Wakubwa waliwaacha nje ya jiwe, na mwenye ubao naye akiwaacha nje ya ubao, amelirithi kosa bila kulijua.

Iko hatari ya pili. Mwundaji mwenye huruma aweza kuunda mpagazi aliyeanguka njiani, akampaka rangi kwa ustadi, watu wakasifu ustadi. Maiti ikawa pambo. Ni aibu juu ya aibu. Tena aghalabu bunduki hupakwa kwa siku nzima, ilhali nyuso zote za Waafrika hupakwa kahawia moja kana kwamba ni mtu mmoja. Kipimo changu ni hiki: je, mjukuu wa mpagazi yule aweza kusimama mbele ya meza hii, akamtambua babu yake kuwa mtu, asione haya? Ikiwa aweza, kazi ni halali. Ikiwa hawezi, hata vifungo vyote vikiwa sahihi, deni halijalipwa.

Ndugu walimu, jambo hili linatuhusu, maana hata somo la darasani ni dayorama ya maneno. Nasi huchagua dakika. Mwalimu akitaka wanafunzi waunde vita hivi kwa udongo na vijiti, na awaruhusu, ila kwanza wahesabu: kila mwenye bunduki alilishwa na wangapi, nao wangapi hawakurudi? Kisha waamue wenyewe ni nani asimame katikati ya ubao. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tumezoea kuisema methali hiyo tukiwatazama tembo. Mtoto aliyepewa ubao mtupu ana nafasi ya kuanza na nyasi.