Hajiri Aliitwa kwa Jina

Somo: Mwanzo 16:1–13



Katika nyumba ya Abramu, Hajiri alitajwa kuwa mjakazi tu. Sarai hakumwita kwa jina, wala Abramu. Alipotoroka na kuwa mkimbizi jangwani, malaika wa Bwana alimkuta penye chemchemi, akamwita Hajiri, akamwuliza atokako na aendako. Ndipo yule mwanamke alipomtambua Mungu kuwa ndiye aonaye.

Twaikumbuka habari hii tutazamapo picha za wakimbizi. Mwaka 1984, katika kambi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Afghanistan. Mwaka uliofuata picha ilitokea kwenye jalada la gazeti la National Geographic, na watu wa mataifa mengi wakayajua macho yale. Lakini jina lake halikuandikwa. Alipotafutwa mwaka 2002 ndipo ilipojulikana kuwa ni Sharbat Gula, naye alikuwa hajapata kuiona picha hiyo. Miaka 17 alitazamwa, asijulikane.

Ziko picha za namna nyingine. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Msalaba Mwekundu na UNICEF waliwapiga picha, mtoto mmoja mmoja, zikabandikwa kambini ili jamaa zao waje kutafuta. Hazikupigwa ili zisifiwe. Mama aliyezipitia moja baada ya nyingine alitafuta uso mmoja tu, na wako waliouona.

Ndugu, hapa yatupasa kujihukumu wenyewe. Tunapopeleka nguo na unga kwa wakimbizi, picha hupigwa: sisi mbele tumeshika magunia, wao nyuma wamepanga mstari. Kisha hubandikwa ubaoni kanisani. Chini yake yameandikwa majina yetu; wao wameandikwa "wakimbizi". Je, tofauti yetu na Sarai ni ipi?

Basi, kabla ya kupiga picha tuketi kwanza, tumwulize mtu jina lake, atokako na aendako. Tumwombe ruhusa, akikataa, tuache. Akikubali, naye apewe nakala yake, kwa maana uso ule ni wake, nao umeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Ee Mungu uonaye, utufundishe kuwaona wageni wetu kama uonavyo wewe. Amina.