UNGEMCHAGUA FARASI YUPI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii! Isome kwanza mpaka mwisho. Ukishamaliza, kama bado unataka kuitupa, itupe. Haitakuchukua hata dakika kumi.

Nina swali moja tu kwako. Farasi 20 wamesimama kwenye mstari. Wewe una noti ya shilingi elfu mkononi, na unaambiwa uchague mmoja. Je, UNGEMCHAGUA YUPI?

Najua utasema, "Mimi na farasi wapi na wapi?" Sawa. Lakini ngoja kidogo. Kila siku wewe unachagua: rafiki, mchumba, kazi, timu ya kuweka kwenye mkeka wako wa kubeti. Na kila siku wako watu wanaokutazama wewe, wanakupima, halafu wanakuchukua au wanakuacha. Kwa hiyo swali hili la farasi ni swali lako pia. Twende pamoja.

MBIO ZA DAKIKA MBILI

Marekani, katika jimbo la Kentucky, mji wa Louisville, uko uwanja unaoitwa Churchill Downs. Tangu mwaka 1875 zinakimbiwa hapo mbio ziitwazo Kentucky Derby. Kwa kawaida ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei. Wanaokimbia ni farasi wa miaka mitatu tu. Maana yake nini? Farasi anapata nafasi MOJA tu katika maisha yake yote. Mwakani umri umeshapita. Umbali ni maili moja na robo, yaani kilomita mbili hivi, na zinakwisha kwa dakika mbili na sekunde kidogo.

Basi wiki nzima kabla ya mbio, watu hawalali. Wanapima farasi. Na usidhani wanabahatisha. Wanafanya kazi kweli kweli. Hebu tazama wanaangalia nini.

Kwanza, wanaangalia rekodi. Huyu amekimbia mara ngapi, ameshinda mara ngapi, na alimshinda nani? Maana kushinda wanyonge siyo sawa na kushinda majabali.

Pili, wanaangalia nasaba. Baba yake na mama yake walikuwa wa mbio fupi au wa mbio ndefu? Karibu farasi wote wa Derby hawajawahi kukimbia umbali ule kabla ya siku ile, kwa hiyo watu wanauliza damu yake inasema nini.

Tatu, wanaangalia mwendo. Wako farasi wanaopenda kutangulia, na wako wanaokaa nyuma wakisubiri wenzao wachoke. Wanaotangulia wakiwa wengi, watavutana wenyewe kwa wenyewe mpaka waishiwe pumzi.

Nne, wanaangalia mpanda farasi na mkufunzi. Mikono yao ina uzoefu gani?

Tano, wanaangalia lango. Kila farasi anaanzia kwenye lango lake. Wakiwa 20, aliye pembeni kabisa anaweza kulazimika kuzunguka njia ndefu zaidi kuliko wenzake.

Baada ya hapo watu wanaweka pesa, na ubao mkubwa unaonyesha odi ya kila farasi. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi hawajui. Katika mbio hizi namba ile ya mwisho kwenye ubao haipangwi na mtaalamu mmoja aliyekaa ofisini. Pesa zote za waliobeti zinatiwa chungu kimoja. Wenye uwanja wanakata fungu lao kwanza, kwa kawaida zaidi ya asilimia 15, na kinachobaki wanagawana walioshinda. Farasi aliyewekewa pesa nyingi odi yake inashuka. Aliyewekewa kidogo odi yake inapanda. Kwa hiyo ubao unasema kitu kimoja tu: WATU WANAMWONAJE farasi huyu. Hausemi huyu farasi ana nini kifuani.

JUMAMOSI YA MEI 7, 2022

Mwaka ule alikuwepo farasi mmoja anaitwa Rich Strike. Septemba 2021 wenye naye walimwingiza katika mbio ambazo kila farasi anayekimbia anauzwa kwa bei iliyotangazwa. Bei yake ilikuwa dola 30,000. Kwa farasi wa mbio kubwa hiyo ni bei ya kutupa, maana wako wanaonunuliwa kwa mamilioni. Na sheria inasema mnunuzi lazima apeleke karatasi yake KABLA ya mbio kuanza. Mkufunzi Eric Reed na mwenye farasi Rick Dawson wakapeleka karatasi. Siku ile ile Rich Strike akashinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 17. Lakini wakati anavuka mstari alikuwa tayari si wa wale waliomleta asubuhi. Walikuwa wameshamwachia.

Huyo Reed naye alikuwa mtu wa majonzi. Desemba 2016 moto uliwaka kwenye mazizi yake na kuua farasi 23. Alifikiria kuacha kazi kabisa. Hakuacha.

Baada ya ushindi ule, Rich Strike hakushinda tena mpaka Derby. Ushindi mmoja katika mbio saba! Hata kwenye orodha ya 20 hakuwemo. Alikuwa akiba, nje ya mlango. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mbio, dakika chache kabla ya orodha kufungwa, farasi mmoja akaondolewa. Ndipo Rich Strike akaingia. Akapewa lango la pembeni kabisa. Mpanda farasi wake, Sonny Leon, alizaliwa Venezuela, na hajawahi kukimbia Derby hata siku moja. Odi ikasimama 80 kwa 1. Ukiweka elfu moja, ukishinda unapata faida ya elfu themanini. Kwa lugha nyingine, watu walisema: huyu hana lake.

Malango yakafunguliwa. Waliotangulia walikimbia kama wanafukuzwa na simba: robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78! Rich Strike alikuwa nyuma kabisa, amepitwa na karibu wote. Lakini wale wa mbele wakaanza kulipa deni la haraka yao. Mmoja akachoka, wa pili akachoka. Leon akapenya kwa ndani, kando ya uzio, akampita huyu, akamzunguka yule. Epicenter, farasi aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote, alikuwa anaelekea kushinda. Hatua chache kabla ya mstari, Rich Strike akampita. Tikiti ya dola 2 ikalipa dola 163.60.

Kumbe!

JE, WATAALAMU WALIKUWA WAJINGA?

Hapa ndugu yangu ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia habari hii wanapiga makofi, wanasema, "Unaona? Wataalamu hawajui kitu! Bahati ndiyo kila kitu!"

Siyo kweli. Nami sitakudanganya ili karatasi yangu ipendeze. Rich Strike baada ya siku ile HAKUSHINDA tena hata mara moja. Yule Epicenter aliyeshindwa, Agosti mwaka ule ule alishinda mbio kubwa za Travers, na Rich Strike akawa wa nne. Tena kwa mwaka ule Epicenter ndiye aliyetangazwa bingwa wa Marekani wa madume wa miaka mitatu. Kwa hiyo waliompima Epicenter hawakuwa wajinga. Walipima vizuri. Siku ile tu haikwenda walivyopima.

Na walijua inaweza isiende. Katika mbio za farasi, yule anayepewa nafasi kubwa hushinda karibu mara moja katika mara tatu. Maana yake mara mbili anashindwa! Mtu mwenye busara anapima, anachagua, na bado anabakiza nafasi moyoni mwake ya kusema, "Naweza kuwa nimekosea." Kupima siyo kosa. Kosa ni kupima halafu ukageuza kipimo chako kuwa HUKUMU.

Hata nabii Samweli lilimpata. Alipokwenda nyumbani kwa Yese kutafuta mfalme, alimwona Eliabu, mkubwa wao, mrefu, mzuri wa sura, akadhani ndiye. Vijana saba wakapitishwa mbele yake, hakuna hata mmoja. Wa nane alikuwa porini na kondoo, baba yake mzazi hakuona haja ya kumwita. Fikiria! Baba mzazi!

MITEGO MIWILI

Kutokana na habari hii iko mitego miwili, na shetani anajua kuitega yote miwili.

Mtego wa kwanza ni wa kusema, "Kama Rich Strike alishinda, na mimi nitashinda. Acha niweke." Namjua kijana mmoja, sitamtaja jina. Alikuwa na ada ya chuo mkononi. Akaona timu moja dhaifu, odi kubwa, akasema leo ni leo. Mkeka ukachanika. Akaweka iliyobaki ili airudishe ile ya kwanza. Ukachanika tena. Mama yake aliuza mbuzi kwa ajili ya ada ile. Kijana alikaa wiki mbili mjini akimdanganya mama kwa simu kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Rafiki, habari ya aliyeshinda kwa odi ya 80 inatangazwa dunia nzima. Habari ya mamia waliokuwa na odi kama hiyo wakashika mkia, nani anaitangaza? Hakuna. Unasikia moja, husikii mia. Na kumbuka lile chungu: fungu la wenye uwanja linakatwa kwanza, ashinde nani ashinde nani. Ukicheza mara nyingi, yule mkataji ndiye mwenye uhakika. Muujiza haugeuzwi kuwa bajeti. Ada ya chuo siyo ya kuwekea farasi, wala timu, wala kitu chochote kinachokimbia!

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, na watu wachache wanauona. Huu ni wa kijana ambaye ameshaangalia ubao, akaona jina lake, na pembeni yake imeandikwa 80.

Umefeli kidato cha nne. Umepata ziro. Mjomba akasema mbele ya watu, "Huyu hamna kitu." Au umetoka jela. Au umezaa nyumbani, wenzako wako shule. Au umewahi kuvuta madawa, na hata ukiacha, jirani akikuona bado anafunga mlango. Watu wamekupima. Tena pengine wamepima kwa haki, maana rekodi ni yako mwenyewe, si ya kusingiziwa. Usikasirike nao. Ushindi mmoja katika mbio saba ni ushindi mmoja katika mbio saba.

Lakini sikiliza jambo hili, ndilo lililonifanya niandike. Unajua tofauti yako wewe na Rich Strike ni nini? FARASI HASOMI UBAO. Siku ile hakujua kwamba yeye ni 80 kwa 1. Hakuna aliyemnong'oneza. Alikula majani yake, alifanya mazoezi yake, lango likafunguliwa akakimbia. Wewe ubao unausoma. Unausoma asubuhi, unausoma usiku, mwisho unaanza kukimbia kama namba ulivyoiona. Hujaribu tena mtihani. Huombi kazi. Huendi kumwomba msamaha baba yako. Lango limefunguliwa, wewe umesimama, eti kwa sababu watu hawakukuwekea pesa!

SASA UFANYE NINI?

Nakuambia wazi: sikuahidi kwamba utashinda. Anayekuahidi hivyo anataka kitu mfukoni mwako. Kati ya farasi 20, 19 hawashindi. Lakini Reed na watu wake hawakusubiri ahadi ya ushindi. Farasi alilishwa, alifanyishwa mazoezi, aliandaliwa kana kwamba atakimbia, wakati hata nafasi ya kukimbia hakuwa nayo. Ijumaa ile mlango ulipofunguka alikuwa TAYARI. Kama angekuwa amelegea zizini, nafasi ile ingemsaidia nini?

Basi fanya mambo mawili. La kwanza, wewe unayewapima wengine: pima kwa bidii, angalia rekodi, usiwe mjinga wa kumwamini kila mtu. Lakini usimfungie mtu mlango. Mdogo wako, mfanyakazi wako, yule binti uliyemcheka: unachokijua juu yake ni mbio zake za jana. Hujaona kifua chake.

La pili, wewe uliyepimwa ukaonekana pungufu: acha kuusoma ubao. Kesho asubuhi fanya kazi moja ambayo ungeifanya kama usingejua watu wanasema nini juu yako. Moja tu. Rudi ukamwone mwalimu. Mwambie mama ukweli kuhusu ada. Kidonda kitauma, lakini kitaanza kupona.

Iko nafasi ambayo inakuja mara moja, kama Derby kwa farasi wa miaka mitatu. Hujui itafunguka Ijumaa ipi.

Yule aliyemwita kijana wa nane kutoka kwa kondoo hakuuliza odi yake. Hata yako haulizi.

Rafiki, utaingia langoni, au utaendelea kusoma ubao? AMUA LEO.

(Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.)