Kona Iliyokunjwa

Mama ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili. Kwa miaka mingi aliweka hesabu katika madaftari matatu: moja kwa majina, moja kwa tarehe, na kijitabu cha mkobani cha waliolipa juzijuzi. Mimi, mtoto wa kompyuta, nikaona hiyo ni kazi bure. Pesa ni zilezile, mbona ziandikwe mara tatu? Wikendi moja tu nikazihamishia zote kwenye spredshiti moja.

Siku hizo nilikuwa nasoma kuhusu kerneli ya Linux, programu ya chini kabisa ambayo hata simu yako ya Android inaitegemea. Kila programu inayoendeshwa ina maeneo yake ya kumbukumbu, na kerneli lazima ijue kila eneo linaanzia wapi na linaishia wapi. Kabla ya toleo la 6.1, Desemba 2022, maeneo hayo yaliwekewa rekodi tatu: mti wa kutafutia, orodha ya kuyapitia kwa mfuatano, na akiba ndogo ya yaliyotumika karibuni. Ukigusa moja, sharti zote zikubaliane. Kisha muundo mmoja, Maple Tree, ukachukua nafasi ya zote tatu. Ebu fikiria nilivyojiona!

Katikati ya 2023 pengo likagunduliwa humo, likaitwa StackRot. Staki ni eneo la kumbukumbu linalojipanua programu ikihitaji nafasi. Kerneli ilizoea kulipanua ikiwa imeshika kufuli ya msomaji tu, si ya mwandishi. Muundo wa zamani uliivumilia tabia hiyo. Maple Tree haukuweza: ungeweza kung'oa tawi na kuweka jipya huku msomaji mwingine angali ameshika lile la zamani. Mtu mwenye nia mbaya, akiwa tayari ndani ya mashine, angeweza kujipa mamlaka yote.

Kwetu pia kulikuwa na tabia isiyoandikwa. Mwisho wa mwezi spredshiti ilitoa majina ya wadaiwa, nikajitolea kuyasoma mkutanoni. Jina la kwanza lilikuwa la mama ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa. Alikuwa amemweleza Mama faraghani, na Mama akakunja kona ya ukurasa wake. Maana yake: huyu asiulizwe. Mimi nilidhani karatasi imechakaa tu. Yule mama alichukua mkoba wake akatoka, bila neno.

Je, nilikosea kurahisisha? Sidhani. Madaftari yale yaliwahi kumtoza mtu mara mbili kwa sababu hayakukubaliana. Ugumu nao huumiza watu, ila tumeuzoea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nisichokielewa hakina kazi, halafu kujihesabu nimemaliza.

Pengo la StackRot lilipoonekana, hakuna aliyerudisha zile rekodi tatu. Walibadilisha jinsi kufuli inavyoshikwa, na marekebisho yakapelekwa hadi 6.1. Naamini hapo ndipo penye deni: ukirahisisha kitu wanachokitegemea wengine, umeahidi kubaki hadi uone kilichovunjika.

Nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Alinipa chai, hakunipa jibu. Spredshiti bado ipo, ila ina safu moja isiyo na kichwa. Mama ndiye huijaza, nami siulizi.