Ushuhuda wa Mche Uliokufa

Katika sharika zetu tumezoea ushuhuda wenye mwisho mzuri. Mtu husimama mbele, husimulia alivyougua, alivyokosa kazi, alivyofukuzwa na mwenye nyumba, na mwisho huwa ni ule ule: Bwana ametenda. Tunapiga makofi na vigelegele. Sina neno na ushuhuda huo, kwa maana kumshukuru Mungu mbele ya watu ni wajibu. Nataka kuuliza juu ya ushuhuda mwingine, ule ambao mwisho wake haujawa mzuri, na pengine hautakuwa. Je, kuunyamazia ni kosa? Na kama ni kosa, anayekosewa ni nani?

Swali hili limenijia kwa njia ya mboga. Ndugu zetu wengi wamehamia nchi za baridi. Wako Winnipeg na Edmonton kule Kanada, wako majimbo ya kaskazini ya Marekani. Wengine walitoka hapa hapa Dar es Salaam, wengine Kenya, na wengi walitoka Kongo ya Mashariki baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wakipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, wanataka kula walichokulia. Basi wanafundishana kwa simu, katika makundi ambamo aliyeko Kivukoni na aliyeko Winnipeg wanasoma ujumbe mmoja. Huyu anasema mchicha, yule lengalenga, mwingine terere, na wote wanaelewana.

Sisi tunaootesha mchicha kwenye viroba, katika mchanga wa pwani na maji ya kisima yenye chumvi, huona kwamba tuna shida. Lakini sisi jua tunalo mwaka mzima. Winnipeg, kati ya jalidi ya mwisho mnamo Mei na ya kwanza mnamo Septemba, ni takriban miezi minne tu. Jalidi ni ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani. Watu wa Njombe na Makete wanaujua. Mchicha ukipigwa na jalidi usiku mmoja, asubuhi umekuwa kama uliochemshwa. Ngogwe lazima zioteshwe ndani ya nyumba, dirishani, wiki nyingi kabla ya kupelekwa nje. Sukuma wiki haina shida, maana baridi kidogo huiongezea utamu. Muhogo usahau, kabla haujaweka kiazi cha maana, theluji imeshafika. Mbaazi ndiyo inayosikitisha kuliko zote. Aina zetu nyingi za mbaazi husubiri siku zianze kuwa fupi ndipo zitoe maua, na kule kaskazini siku za kiangazi ni ndefu mno. Mmea unarefuka, unapendeza, majani tele. Maua yakianza kufikiriwa, jalidi imebisha hodi.

Sasa, katika makundi hayo, picha zinazotumwa ni zipi? Ni za Agosti. Mama amesimama katikati ya mchicha unaomfika kiunoni, jua linawaka, watoto wanacheka. Huku nyumbani tunaandika amina na hongera. Picha ile ni ya kweli. Hakuna aliyeichezea. Kilichokosekana ni picha ya Juni, miche ilipolala yote, na ya Januari, mama huyo huyo alipokuwa akitoka kazini gizani saa kumi na moja jioni.

Katekisimo Ndogo ya Luther, tuliyoikariri kwa ajili ya kipaimara, inaeleza kwamba amri ya nane inatukataza kumzulia jirani na kumharibia jina. Katika picha ya Agosti hakuna aliyezuliwa wala kuharibiwa jina. Ndiyo maana ni rahisi kusema haimhusu mtu. Lakini shahidi mahakamani haapi kusema kweli tu. Huapa kuisema yote. Na jirani anaweza kudhurika kwa nusu ya kweli sawasawa na anavyodhurika kwa uongo. Yuko kijana mwenye meza ya soksi Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ameona Agosti tano mfululizo, wala hajaona Januari hata moja. Siku akiuza meza yake na kukopa juu yake ili amlipe wakala wa safari, sitasema ni mboga zilizompeleka, maana mambo mengi humsukuma kijana. Nitasema tu kwamba wako watu waliokuwa na kweli aliyoihitaji, nao hawakumpa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya jirani wa karibu na jirani wa mbali. Ukinunua mchicha Kariakoo na kutilia shaka kwamba umemwagiliwa maji machafu ya Msimbazi, unaweza kumuuliza muuzaji, na usipomwamini, unaweza kupanda daladala ukajionee bonde lenyewe. Kwa aliyeko mbali huna daladala. Una neno lake tu. Watu husema kwamba ushirika wa simu ni mwepesi, si ushirika wa kweli, kwa kuwa hawaonani. Mimi naona kinyume: kwa kuwa hawaonani, mzigo wote umeliangukia neno, na neno likipungua, ushirika hauna kingine cha kusimamia.

Kanisa la kwanza lilijua jambo hili, maana nalo liliishi kwa barua. Mtume Paulo, mwanzoni mwa waraka wa pili kwa Wakorintho, anawaambia kwamba hataki wasijue dhiki iliyompata Asia, jinsi alivyolemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Angeweza kuandika juu ya wokovu wake tu. Watu wa Korintho walikuwa na maneno juu yake, na kukiri udhaifu kuliwapa la kusema zaidi. Hata hivyo aliliweka jambo hilo kwenye kurasa za mwanzo kabisa.

Barua nyingine inagusa bustani zenyewe. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kwenda Babeli, na barua ikachukuliwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Sura moja nyuma, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba mambo yangerejea ndani ya miaka miwili. Yeremia akaandika miaka sabini: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Tunapenda kuihubiri barua hii kama maneno ya faraja, nayo ni faraja. Ila kwa aliyeipokea siku ile ilikuwa habari mbaya sana. Mtu anayeamini kwamba anarudi baada ya miaka miwili hapandi mti wa matunda. Hanania, kwa maneno yake matamu, aliwanyima watu bustani.

Nawafikiria hapo Wabantu wa Somalia. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliotekwa katika karne ya 19, Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine, wakasafirishwa kutoka pwani hii yetu hadi bonde la Juba. Vita vya Somalia vikawang'oa tena. Baadhi walirudi Tanga na kupewa uraia. Wengine, zaidi ya 10,000, walianza kupokelewa Marekani mwaka 2003, na sehemu yao wako Lewiston, jimbo la Maine, jimbo linalopakana na Kanada, ambako chama chao kinaendesha shamba liitwalo Liberation Farms. Wanalima mahindi ya kusaga na mboga, na baridi ni ile ile. Ni Waislamu wengi wao, wala sidhani wanahitaji mahubiri yangu. Nawataja kwa sababu watu waliohamishwa mara mbili wakashika jembe mara ya tatu wanaielewa miaka sabini kuliko sisi tunaoisoma.

Mtu atasema: penye kuku wengi usimwage mtama. Si kila msiba ni wa kutangazwa. Nakubali. Mwanamke aliyeachwa na mumewe ugenini hana deni la kulieleza kundi la watu 200. Tena iko aibu inayostahili heshima: aliyetumwa na ukoo mzima, shamba likauzwa kwa ajili yake, atawaambiaje kwamba anafagia ofisi? Lakini mche uliokufa si siri ya ndoa. Ni habari ambayo mwenzako ataipanda. Yeye naye anasubiri Mei na mbegu alizopewa na mtu, na kama wewe unajua kwamba aina ile haikomai kule, ukanyamaza ili picha yako ibaki peke yake, umekula mwaka wake mmoja.

Hapa Kivukoni tuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, karibu na Makumbusho ya Taifa, kwa ajili ya kujaribu mimea ya kigeni. Mwaka huo huo Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai huku ilikuwa 62. Tunajua kwa sababu waliokufa walihesabiwa. (Watu waliokuja kuvunjika migongo katika mashamba ya mkonge hawakuhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo, lakini hilo ni ushuhuda mwingine uliofichwa, na unahitaji kurasa zake.)

Wajibu hauko kwa msemaji peke yake. Mtu husema ukweli pale anapojua utapokelewaje, na sisi wasikilizaji tumejifunza majibu mawili tu, makofi na kimya. Katika kundi moja ninalolifahamu, mama wa Winnipeg aliandika mwanzoni mwa Juni kwamba ngogwe zake zote 12 zimelala usiku mmoja. Zikafuata alama za machozi na mikono ya maombi, halafu kimya. Baadaye mzee mmoja wa Makete, ambaye theluji hajawahi kuiona, akaandika: "Pole mwanangu. Mlifunika na nini? Na udongo jioni ile ulikuwa mkavu au ulikuwa na maji?"

"Shikamoo baba," akajibu. "Ulikuwa mkavu kabisa."

Mzee akaanza kueleza jinsi udongo uliomwagiliwa mchana unavyotunza joto la jua hadi usiku, kuliko udongo mkavu. Watu watatu wengine wakaandika kwamba na zao zilikufa usiku ule ule.