Karatasi Isipofika, Je, Deni Limekufa?



Tangu mwaka 2013, wakati wakimbizi wa Kongo walipoanza kupokelewa Marekani kwa wingi, wengi wa jamaa zetu wa Kivu, Tanganyika na Katanga wanaishi kule. Maswali wanayotutumia sisi mashemasi yamebadilika pamoja na maisha yao. Zamani waliuliza juu ya ndoa, matanga na kubariki watoto. Sasa wanauliza pia juu ya biashara, maana mama aliyekuwa akiuza vitenge katika soko la Kadutu leo anashona gauni nyumbani kwake Texas, anapiga picha, anaiweka katika soko la intaneti kama Etsy au eBay, na mnunuzi asiyemjua analipa kutoka mbali.

Swali moja limerudi mara nyingi, nalo ni hili: “Baba shemasi, mwaka huu soko halikunitumia ile karatasi ya kodi. Serikali haikuniuliza kitu. Nikinyamaza, nina kosa gani?”

Ni swali la kweli, na mwenye kuuliza si mwizi. Mwizi haulizi. Tulijibu basi kwa uangalifu, bila kumtisha mtu.

Kwanza tuelewe karatasi yenyewe. Inaitwa 1099-K. Soko la intaneti, au kampuni inayopitisha malipo, huandika humo jumla ya pesa zilizopita kwa jina la muuzaji kwa mwaka mzima, kisha nakala moja inakwenda kwa muuzaji na nyingine kwa biro ya kodi ya Marekani, inayoitwa IRS. Sheria iliyoizaa ni ya mwaka 2008, na ilianza kushika mauzo ya mwaka 2011. Ilisema karatasi itolewe ikiwa muuzaji amepita dola 20,000 na pia amepita mauzo 200. Mwaka 2021 sheria nyingine ikashusha kipimo hicho hadi dola 600 tu. Wauzaji wadogo wakaogopa, na biro ya kodi ikaahirisha: ikaahirisha kwa mauzo ya 2022, tena kwa yale ya 2023, na kwa mwaka 2024 ikaweka kipimo cha katikati, dola 5,000. Halafu, tarehe 4 Julai 2025, sheria mpya ikarudisha kile cha zamani, dola 20,000 na mauzo 200.

Sasa tuweke mfano. Mama mmoja anauza gauni 150 kwa mwaka, kila moja dola 60. Jumla ni dola 9,000. Mwaka 2024 karatasi ilipaswa kumfikia, maana alipita 5,000. Mwaka 2025 ameuza gauni zile zile kwa bei ile ile, na soko halilazimishwi tena kumtumia kitu. Tena dada yake anayefanya kazi hiyo hiyo katika jimbo la Massachusetts ataipata, kwa sababu jimbo lile limeshika kipimo chake la dola 600 katika sheria yake lenyewe. Je, tuseme kwamba huyu wa Massachusetts ana deni na yule wa Texas hana? Je, tuseme kwamba deni la mama lilikuwa hai mwaka 2024 na likafa mwaka 2025, ijapokuwa sindano, kitambaa na wanunuzi ni wale wale?

Mnaona wenyewe kwamba haiwezekani. Karatasi ni shahidi. Shahidi anaweza kuwapo au kukosa, anaweza kuhamishwa na wabunge huku na huku, lakini shahidi siye anayefanya jambo litokee. Sheria ya kule inasema hivyo bila kuficha: mapato ya biashara yanatajwa, karatasi ikija au isipokuja. Na mtu anayejifanyia kazi, faida yake safi ikifika dola 400 kwa mwaka, ni lazima apeleke hesabu. Gauni linalouzwa kwa pesa za mkononi baada ya ibada, ambalo halitaandikwa na soko lolote, nalo limo.

Wengine hapa hukimbilia habari ya Kaisari na kufunga mazungumzo. Ni habari njema, lakini haimtoshi mama huyu. Yeye hajakataa kutoa. Anachouliza ni kama jicho la serikali likifumbwa, kipimo kinabaki kile kile. Hilo ni swali tunalolijua sana huku kwetu. Mwenye kuuza unga kwa kopo la Guigoz anajua kama kopo lake limebonyezwa chini. Mnunuzi haoni, anaona juu tu namna unga ulivyojaa. Hakuna mkristo anayesema kwamba kopo lililobonyezwa ni halali mpaka mnunuzi aligeuze.

Lakini nisiwe mwepesi kuwahukumu, maana tabia ya kuficha hatukuizaa bure. Babu zetu waliijua kodi ya kichwa ya Wabelgiji, iliyomtoa mtu kijijini kwenda kutafuta pesa ya mzungu. Baadaye tukafundishwa Kipengele cha 15, “jitafutieni wenyewe”, na tukaishi nacho kama vile kingeandikwa kweli katika sheria. Na barabarani mpaka leo kuna kizuizi cha kamba, na mtu mwenye bunduki anayesema “toa kodi”, bila kusema ni ya nini wala kutoa resi.

Hapo nataka tutenganishe mambo mawili, maana wengi wanayachanganya na dhamiri zao zinachanganyika pia. Kodi ina sheria iliyoandikwa, ina kiasi kinachojulikana kabla, inatolewa resi, na ukionewa kuna mahali pa kulalamika. Kinachodaiwa kwenye kamba, bila sheria wala resi, ni unyang’anyi hata kama anayekidai amevaa kofia ya Leta. Mama aliyeficha franka zake ndani ya kikwembe ili watoto wale, sitamwita mwongo. Lakini ujanja wa kwenye kamba ukiuvusha bahari, ukautumia mahali ambapo kiasi kinajulikana na resi inatolewa, haumtetei tena mtoto wako juu ya mwenye bunduki. Umekuwa tabia tu. Mtu anaweza kusema kwamba serikali ya kule pia inatumia pesa vibaya. Labda. Hilo wanabishana wao wenyewe kila siku, na kubishana kumeruhusiwa. Kubadilisha namba hakukuruhusiwa.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hayo. Tunasema mara nyingi kwamba uaminifu ni kazi ya moyo: moyo ukiwa safi, mambo yatakwenda. Mimi naona kwamba katika biashara moyo safi bila kaye hautoshi. Mtu asiyeandika hawezi kusema kweli, hata akitaka. Atasema anachokumbuka, na kumbukumbu ya muuzaji inapenda kumsaidia mwenyewe.

Turudi kwa mama wa gauni 150. Dola 9,000 si faida yake. Soko limekata tuseme 1,000 za makato yake. Posta imekula 1,200. Gauni tano zilirudishwa, akawarudishia wanunuzi dola 300. Vitenge, uzi na mshonaji aliyemsaidia, 3,500. Ametumia jumla ya dola 6,000, na faida yake safi ni 3,000. Lakini ile karatasi 1099-K, ikifika, itaandika 9,000, kwa sababu inahesabu jumla kabla ya kutoa makato, posta na marudisho. Haisemi uongo, ila haijui mambo ya nyumbani kwake. Hayo anayajua yeye peke yake, kama ameyaandika.

Anayejifanyia kazi kule hulipa kodi ya uzee na matibabu, asilimia 15.3, inayohesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida. Juu ya faida ya 3,000 ni karibu dola 424. Juu ya 9,000 ni karibu dola 1,272. Tofauti ni dola 848, bila kutaja kodi nyingine ya mapato, ambayo inategemea hali ya jamaa yake. Mama asiye na kaye anasimama basi mbele ya njia mbili mbaya: alipe juu ya pesa ambazo hakuzipata, au abuni matumizi usiku mmoja ili namba ishuke. Moyo wake unaweza kuwa mweupe kama pamba, bado atachagua kati ya kujiibia na kudanganya.

Ndiyo maana nasema kaye ni sehemu ya ukweli wenyewe. Sadaka yetu inahesabiwa na watu wawili na kuandikwa siku ile ile, na hakuna anayesema tunafanya hivyo kwa sababu mashemasi ni wezi. Tunafanya hivyo ili Jumapili ijayo mtu akiuliza, tuwe na kitu cha kumjibu.

Sheria ya kule hailazimishi namna moja ya kaye. Linalotakiwa ni lionyeshe waziwazi mapato na matumizi. Kaye la shule linafaa. Andika siku, kitu gani, bei, makato ya soko, pesa ya posta, na kitambaa kiligharimu ngapi. Ukienda na gari posta kwa kazi hiyo, andika maili. Kwa mwaka 2025 kila maili ya kazi ilihesabiwa senti 70. Resi ziwekwe katika bahasha ya kila mwezi. Kwa kawaida zihifadhiwe miaka 3, lakini aliyeacha kutaja zaidi ya robo ya mapato yake anaweza kuulizwa hadi miaka 6, na asiyepeleka hesabu kabisa, au aliyedanganya makusudi, kwake hakuna mwisho wa miaka.

Shida moja ni ya kwetu hasa. Vitenge vimenunuliwa Lubumbashi na shangazi, kwa mama muuzaji asiyetoa resi. Afanyeje yule aliye Texas? Aandike siku ile ile pesa zilipotumwa, aweke karatasi ya kutuma pesa, aombe shangazi apige picha ya vitambaa na kuandika bei kwa mkono wake. Hiyo ni ushuhuda. Kukaa mwezi wa Aprili na kuandika resi 12 kwa kalamu moja, zenye tarehe za miezi 12, hata kama kiasi kinakaribia kweli, ni kutengeneza shahidi, na hilo mkristo asilifanye.

Shida nyingine ni mfuko mmoja. Katika telefone ile ile inapita pesa ya gauni, pesa ya likelemba, mchango wa matanga, na dola 50 ambazo kaka ametuma kwa watoto. Mchango na zawadi si mapato ya biashara, wala likelemba inayorudisha pesa zako mwenyewe. Vilevile kiti cha nyumbani ulichonunua dola 300 ukakiuza 100 hakikuleta faida, hakuna kodi juu yake. Lakini vyote vikichanganyika, nani atavitenganisha baada ya mwaka? Mama afungue akaunti ya pekee kwa biashara, hata kama ni ndogo.

Tujihadhari pia na wajuzi wa karatasi. Kila jamii ina mtu anayejua Kiingereza, anayejaza karatasi za kodi za wazee na kuwaahidi pesa nyingi za kurudishiwa, naye achukue sehemu yake. Wengine hupunguza mapato, wengine huyaongeza, wakibuni biashara ambayo haikuwapo, kwa sababu kule kuna msaada unaotolewa kwa mwenye mapato madogo ya kazi na watoto. Akigunduliwa udanganyifu, mwenye jina anaweza kunyimwa msaada huo miaka 10. Ikiwa ni uzembe wa kutojali sheria, miaka 2. Mwenye jina, nasema, si mjuzi. Anayelipwa kwa kazi hiyo anapaswa kutia sahihi yake na namba yake ya PTIN. Akikataa, ondoka na karatasi zako. Wala usitie sahihi juu ya karatasi ambayo haijajazwa, hata kama anayekuambia ni mtoto wa ndugu yako.

Na wale wenye kufikiri kwamba kuficha ni faida, wapige hesabu hii pia. Pensheni ya kule inahitaji kwa kawaida alama 40, na mtu hupata hadi 4 kwa mwaka. Mwaka 2025 alama moja ilitaka mapato ya dola 1,810. Faida inayofichwa haihesabiwi. Tumeona huku wazee waliofanya kazi miaka 30 bila jina lao kuandikwa mahali popote, na leo wanaomba chumvi kwa jirani.

Kwa yule aliyeuliza, na wengine walio na miaka ya nyuma isiyotajwa: hesabu iliyopelekwa na kasoro inaweza kusahihishwa kwa karatasi 1040-X, na ile isiyopelekwa inaweza kupelekwa hata sasa. Asiye na pesa ya kulipa yote mara moja anaweza kuomba kulipa kidogo kidogo kwa miezi. Hesabu ya kila mwaka inatakiwa tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Ukiomba nafasi unapewa hadi 15 Oktoba kupeleka karatasi, lakini si kuchelewesha malipo. Na kaye unaweza kuliandika kwa Kiswahili, mama. Mtoto wako anayesoma kule atakusaidia kugeuza namba zikitakiwa, naye atajifunza bei ya gauni zilizomsomesha.