Je, Mgonjwa wa Kansa ya Mapafu Alijitakia?

Mtu akishikwa na kansa ya mapafu, watu hawaulizi kwanza: «Tumsaidie nini?» Huuliza: «Alikuwa akivuta tumbako?» Wakijibiwa ndiyo, hutikisa kichwa: «Basi, alijitakia.» Na tangu hapo miguu yao huwa mizito kwenda kumtazama. Wengine, wavutao wenyewe, husema: «Sisi tumekwisha kuharibika, kuacha sasa kuna faida gani?» Maneno hayo mawili yafanana na hekima. Tuyapime.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya kila chembe mna maandiko yanayoagiza kazi yake. Agizo moja huitwa jeni. Chembe ya pafu na chembe ya ini zina maandiko yaleyale, lakini kila moja husoma kurasa zake tu. Kurasa nyingine zimefungwa. Elimu ya kufungwa na kufunguliwa kwa kurasa hizo ndiyo epijenetiki, jina lililotungwa na Mwingereza C. H. Waddington mwaka 1942. Alama mojawapo ya kufungia huitwa metili: ni kitu kidogo mno kinachonata juu ya maandiko, wala hakibadili herufi hata moja.

Sasa, moshi wa tumbako huharibu kwa njia mbili. Hubadili herufi zenyewe, tena huleta alama mahali pasipotakiwa. Kati ya jeni zetu wamo walinzi, wanaozuia chembe zisizaane bila kipimo. Mlinzi mmoja huitwa p16. Mwaka 1998 wataalamu wa Albuquerque, Marekani, walionyesha kwamba katika mapafu mlinzi huyo aweza kufungwa mapema, hata kabla chembe hazijawa kansa. Hakuuawa, amezibwa mdomo. Nyumba yaonekana salama, kumbe mlinzi hawezi kupiga kelele.

Basi, je, mgonjwa alijitakia? Hatukatai kwamba tendo lina matunda yake. Tangu 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha huko London jinsi tumbako na kansa ya mapafu zinavyofuatana. Lakini ni nani aliyewasha moto? Mwaka 1954 kampani za tumbako za Marekani zilitangaza magazetini kwamba zajali afya ya watu kuliko yote. Mwaka 2006 jaji Gladys Kessler wa Washington aliamua kwamba kampani hizo zilidanganya watu kwa miaka mingi. Nikotini nayo humfunga mtu akiwa bado kijana. Tena wako wagonjwa wasiovuta kamwe: mke aliyepumua moshi wa mumewe, mchimbaji wa uranium aliyepumua hewa ya radoni, mfanyakazi aliyepumua vumbi la asbesto. Ugonjwa ni mmoja, mikono iliyouleta ni mingi. Nani kati yetu ana mizani ya kugawa hatia kando ya kitanda? Mganga huuliza chanzo apate kutibu na kuzuia. Sisi tukiuliza ili tulaumu, hatumponyi mtu. Tena mwenye kuogopa lawama huficha kikohozi chake, akachelewa kwenda hospitali.

Na neno la pili, kwamba kuacha hakuna faida? Hilo si kweli kabisa. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza habari za damu ya watu karibu 16,000. Kwa wale walioacha tumbako, alama nyingi za metili zilirudi kama za mtu asiyevuta katika muda wa miaka mitano. Nyingine chache zilionekana hata baada ya miaka 30. Ndivyo ilivyo: yaliyopita hayafutiki yote, lakini si yote yanayodumu. Naye Doll, aliyewafuata waganga wa Uingereza tangu 1951, alitoa hesabu mwaka 2004: aliyeacha akiwa na miaka 30 aliongeza kama miaka 10 ya kuishi, miaka 40, aliongeza 9, miaka 50, aliongeza 6, hata wa miaka 60 aliongeza 3. Miaka mitatu si kitu kidogo kwa mtu mwenye wajukuu.

Labda mtu atasema: «Tusipomlaumu mgonjwa, vijana watavuta bila hofu.» La, hasha! Kila neno lina saa yake. Onyo ni la kijana mwenye afya, kabla hajawasha sigareti ya kwanza. Mgonjwa ahitaji maji, mto wa kuegemea, na mtu wa kukaa naye usiku. Tukimpa mgonjwa onyo la kijana, tumechelewa. Tukimnyima kijana onyo, tumemwacha peke yake.

Basi, tufanye hivi. Avutaye na aache leo, hata akiwa mzee. Na kama hajaweza bado, asivute ndani ya nyumba wanamolala watoto. Nasi tunaokwenda kumtazama mgonjwa, lile swali la kwanza tuliache mlangoni. Yeye amekwisha kujiuliza mara nyingi kuliko sisi.